Gari la Mota Moja

Ndugu yangu alipoanza kuzungumzia gari la umeme, nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshiba. Tulikuwa sebuleni kwangu, Kinoru, mjini Meru. Mama alikuwa amelala chumbani baada ya kutoka hospitalini, na ndugu yangu alikuwa amefika kutoka Embu, anakofanya kazi ya kupima mashamba.

Figo za Mama zilikuwa zimechoka. Mara mbili kwa wiki ilibidi ashuke kutoka nyumbani, juu kule kwenye majani chai karibu na msitu, aje mjini kusafishwa damu kwa mashine, kisha apandishwe tena. Teksi zilitumaliza. Mama mwenyewe ndiye aliyesema tuuze shamba lake la ndizi la Mitunguu tununue gari, mradi kila akitoka kwenye mashine alale kitandani kwake. Hilo ndilo sharti alilotoa, na hakuongeza lingine.

Ndugu yangu anapenda magari jinsi wanaume wengine wanavyopenda mpira. Alivuta sahani ya chapati katikati ya meza, akaweka kikombe mbele yake na kikombe kingine nyuma.

"Haya magari ya umeme hayana propela huko chini, ile chuma ndefu ya kupeleka nguvu nyuma," alisema. "Ukitaka magurudumu yote manne yavute, unaweka mota mbili. Moja mbele, moja nyuma. Haziunganishwi na chuma chochote. Kompyuta ndiyo inaamua nani avute na kwa nguvu gani. Gurudumu likianza kuteleza, kabla hujapepesa jicho nguvu imeshahamia kwingine."

"Basi hilo ndilo letu," nilisema.

Alicheka, akaondoa kikombe cha nyuma. "Dada, unajua bei yake lakini? Mota ya pili haiji peke yake. Inakuja na gia zake, na mashine yake ya kugeuza umeme, na mabomba yake ya kupoza. Gari inakuwa nzito, kwa hivyo wanaongeza betri. Unalipia gari moja na nusu, alafu inaenda kilomita kidogo kuliko ile ya mota moja."

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na barabara ya kwetu naijua. Kuanzia lami inapoishia ni udongo mwekundu mtupu, na kona ya mwisho imeinama kama paa la nyumba. Nilimwambia hata tununue gari kuukuu la petroli, mradi livute kwa magurudumu yote. Akasema petroli itammaliza Mama kabla ya figo. Nikamwambia basi tuongeze akiba zetu juu ya pesa za shamba tupate la mota mbili. Akasema hakuna haja, kwa kuwa diwani ameahidi barabara itawekwa murram, ile changarawe ya kushindilia, kabla ya mvua. Barabara hiyo imewekwa murram kwa mdomo tangu nikiwa darasa la nne! Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo Mama aliisikia chumbani.

Siku hizo sikutaka kusema jambo moja, lakini nitalisema sasa. Gari la mota moja lilikuwa linaweza kutoka Embu hadi Meru na kurudi bila kuchajiwa njiani, lami tupu. Ndugu yangu ndiye angekuwa dereva, gari likikaa kwake Embu, na alichagua gari la barabara anayopita yeye. Sidhani alifanya kwa ubaya. Nadhani alipofikiria barabara, ndiyo iliyomjia.

Gari likaja, mota ikiwa mbele. Ilikuwa kiangazi. Akina mama wa kanisa walilizunguka wakaliombea, na mzee mmoja akainama kutafuta mahali moshi unapotokea. Mama alipenda kwamba halitikisiki. Miezi yote ya jua alikuwa akishuka asubuhi na kulala kwake jioni, akasikia ng'ombe wake wakicheua nyuma ya ukuta. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nikaanza hata kujiona mkorofi.

Halafu mvua ikaja, na murram haikuja.

Siku hiyo tulikuwa tunampandisha Mama kutoka kwenye mashine. Mtu akitoka kule anakuwa mnyonge, baridi inamwingia mifupani, na Mama alikuwa kiti cha nyuma amejifunika blanketi langu. Kwenye kona ya mwisho magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Gari halikutoa sauti yoyote ya kuhangaika, na hilo ndilo lililoniudhi. Lilikaa tu pale, limenyamaza, linarusha matope.

Kwetu gari likiteleza, watu hawangoji kuitwa. Wanakuja na uzito. Wamezoea pikapu za maziwa na za majani chai, ambazo huvuta kwa magurudumu ya nyuma, na ukizijazia mawe nyuma zinauma udongo na kupanda. Basi wakaja, vijana kwa wazee, na magunia ya mawe, na mkungu wa ndizi, na wawili wakakaa wenyewe ndani ya buti wakicheka.

"Ongeza uzito nyuma!" mmoja alipiga kelele. "Gari ikikosa uzito nyuma haiwezi panda!"

Nilishuka kwenye matope na viatu vyangu vya shule. "Toeni mawe! Hii inavuta kwa mbele! Mnaiinua mbele!"

"Madam, wewe fundisha watoto," yule kijana alinijibu, bila ubaya wowote. "Hii ya matope tuachie sisi."

Nikamwangalia ndugu yangu. Yeye ndiye aliyenieleza mota ilipo, kwa vikombe na sahani yangu mwenyewe. Alijua. Lakini hao walikuwa majirani waliobeba mawe kwenye mvua kwa ajili ya mamake, na kwetu mtoto wa nyumbani aliyekwenda kutafuta kazi mjini hawezi kurudi na gari lake akawaambia watu wapeleke msaada wao kando. Angeonekana ana madharau. Akashukuru, akakanyaga. Kadiri nyuma ilivyolemewa ndivyo mbele ilivyokuwa nyepesi na kuzunguka bure, mpaka gari likarudi kinyumenyume, tako likatua mtaroni, na Mama ndani yake.

Hakuumia. Wakaleta kiti cha plastiki, wakamkalisha, wakambeba wanaume wanne mpaka mlangoni mwake, mvua ikimnyeshea usoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkono wa kushika mwavuli. Alikuwa anatetemeka hivi kwamba meno yaligongana. Wiki hiyo kifua kikamshika. Muuguzi akaniambia waziwazi kwamba akinyeshewa hivyo mara ya pili akitoka kwenye mashine, nisimlaumu mtu.

Ndiyo maana Mama yuko kwangu. Kushuka hakukuwa shida, gari lilipotolewa mtaroni ndugu yangu alimshusha polepole siku moja palipokauka kidogo, na hapa Kinoru lami inafika getini. Gari linampeleka hospitalini vizuri kabisa. Ng'ombe tumempa jirani atuangalizie. Kila asubuhi Mama anaamka kabla yangu, anakaa jikoni amevaa koti kana kwamba kuna mahali anakwenda, na hataki kuniambia amelalaje.

Jumapili iliyopita ndugu yangu alikuja baada ya kanisa. Alimletea maziwa lala kutoka kwa jirani, ya ng'ombe wa Mama mwenyewe, akamwambia avumilie kidogo, mvua ikiisha tutampandisha.

Mama alikunywa kwanza. Kisha akajibu kwa Kimeru, taratibu, bila kukasirika.

"Mtanipandisha, najua. Na nikishaingia kwangu, msije kunichukua tena."

"Na hospitali, Mama?" niliuliza.

"Mliuza shamba langu mkanunua gari la kunishusha," alisema. "La kunipandisha hamkununua. Basi nikifika juu, nitakaa juu."

Ndugu yangu aliinamisha kichwa. Nilitaka kumrukia kwa maneno, na maneno nilikuwa nayo mengi, lakini alikuwa analia. Nikamwacha.

Bila mashine hawezi kumaliza hata wiki mbili. Anajua, tumeelezwa sote pamoja. Mimi ni mtoto wa wakulima na ninajua majira, ninajua mvua hizi zina mwisho. Kazini walimu wenzangu wanalalamika kwamba nguo hazikauki na barabara zimeharibika. Mimi nikiamka usiku na kusikia mabati yamenyamaza, napiga magoti kando ya kitanda nikaomba inyeshe.