Lamwaka aliyekataa kuambiwa "ni maziwa tu"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya wanawake kwenye geti la kiwanda cha kahawa, Bugolobi jijini Kampala, imeshafika barabarani. Lamwaka, mlinzi mwenye umri wa miaka 34, anawapekua mmoja mmoja: mifukoni, kiunoni, ndani ya mifuko ya chakula. Mkono wa kushoto anaunyanyua taratibu, maana bado unamvuta kwapani.

"Afande, pole na kazi," anasema mmoja wa wanawake wanaochambua kahawa.

"Asante, dada. Pita. Anayefuata!"

Huu ni mwezi wake wa tatu tangu arejee kazini. Mwaka jana wakati kama huu, hakuwa na hakika kama yeye, au mtoto aliyekuwa tumboni mwake, angekuwapo leo.

Lamwaka alikulia katika kambi ya jeshi, mtoto wa mwanajeshi kutoka Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Mama yake alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 39. Baadaye ikaja zamu ya dada yake mkubwa, Aciro.

Aciro alikuwa na miaka 31, amejifungua mtoto wa tatu miezi miwili tu iliyotangulia, alipohisi uvimbe titini. Ndugu wakasema maziwa yameganda. Wakamkanda kwa maji ya moto mpaka ngozi ikababuka. Alipofikishwa hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshaingia mapafuni.

Baada ya mazishi, Lamwaka alijifariji kwa jambo moja. Alijifungua mara ya kwanza akiwa na miaka 20, na watoto wake wote wawili aliwanyonyesha miaka miwili miwili.

"Kila mtu alinambia, wewe umezaa mapema, umenyonyesha, hiyo kitu haiwezi kukugusa," anasema. "Mimi nikaamini. Nilitaka kuamini."

Aprili mwaka jana, akiwa na mimba ya tatu ya wiki 20, alikuwa anaoga pale kidole kilipogota titini kwenye kitu kigumu, kidogo, kisichoteleza. Akasimama na sabuni mwilini mpaka maji yakapoa kwenye ndoo.

Kwenye kliniki moja ndogo karibu na nyumbani kwake, Nateete, aliambiwa ni maziwa yanajitayarisha. Azae kwanza, halafu arudi.

Mumewe, Ogwal, ambaye ni askari polisi, alishika maneno hayo kwa mikono miwili.

"Mama Otim, wamesema tungoje. Sasa wewe unajua kuliko wao?"

"Aciro pia aliambiwa angoje."

Leo Ogwal anakiri bila aibu kilichomfanya atake kungoja. "Niliogopa watatoa mtoto," anasema. Lakini siku iliyofuata mazungumzo hayo aliomba ruhusa kazini, akampeleka mkewe hospitali kubwa mwenyewe.

Walimpima kwa mashine isiyomdhuru mtoto, wakachukua kipande cha uvimbe kwa sindano. Majibu yalichukua siku tisa. Lamwaka aliendelea kusimama getini, kwa sababu mshahara wake wa shilingi laki tatu kwa mwezi haumsubiri mtu.

"Mikono yangu ilikuwa kwa watu, akili ilikuwa kwa ile karatasi," anasema.

Ilikuwa saratani. Uvimbe haukufika sentimita mbili, na ulikuwa haujaenda mbali.

Rukiah, muuguzi anayeshauri familia zenye ugonjwa huu, alimkalisha na kumuuliza maswali mengi: alizaa mara ya kwanza lini, amebeba mimba ngapi, alinyonyesha muda gani, nani mwingine katika ukoo aliugua.

Lamwaka alilipuka. "Sista, mimi nimenyonyesha miaka minne! Sasa hii imetoka wapi?"

"Nnyabo, mama yangu, sikiliza," Rukiah alimjibu. "Kwa wanawake wengi, kuzaa mapema na kunyonyesha hupunguza hatari miaka ikishapita. Lakini miaka ya kwanza baada ya kujifungua, hatari hupanda kidogo. Na kwa aliyerithi hitilafu ya vinasaba, kama inavyoweza kuwa katika ukoo wenu, wataalamu bado wanabishana. Kuna hitilafu ambayo kunyonyesha kunaonekana kusaidia, kuna nyingine haijulikani. Usijilaumu kwa kuzaa, wala usijifiche nyuma ya kuzaa."

Kipimo cha damu kilithibitisha kuwa amerithi hitilafu hiyo.

Mimba ikiwa na wiki 22, titi la kushoto liliondolewa. Kisha zikafuata dozi nne za dawa kali, tumbo likizidi kukua na nywele zikiisha kichwani.

"Dawa ikiingia kwenye mshipa, mtoto anapiga teke," anakumbuka. "Mimi namwambia, piga tena, nijue uko."

Agosti alizaliwa msichana wa kilo mbili na nusu, akilia kwa sauti ya kujaza wodi. Kwa kuwa matibabu yaliendelea, hakuweza kumnyonyesha. "Hiyo iliniuma kuliko kisu," anasema.

Sasa hofu yake imehamia kwa mdogo wake, Adong, mwenye miaka 26. Adong alizaa akiwa na miaka 17, na kwa muda mrefu alikataa kupimwa kama naye ameirithi hitilafu hiyo. Mwezi uliopita waligombana vibaya.

"Nilizaa mapema kuliko ninyi wote. Niache niishi bila kujua," Adong alimwambia, akakata simu. Kwa wiki mbili hakupokea simu za dada yake.

Jumapili iliyopita alitokea mlangoni bila taarifa, macho mekundu.

"Nitaenda," alisema. "Lakini usiniache peke yangu mle ndani."

Miadi ni Alhamisi. Lamwaka ameshabadilishana zamu na mwenzake. Yeye mwenyewe anapanga kuondolewa titi la kulia madaktari watakapomruhusu, na watoto wake atawaeleza yote wakishakuwa watu wazima, waamue wenyewe kupimwa au la.

"Hayo yatakuja," anasema. "Kwanza Alhamisi. Majibu yakitoka, wakimwambia vibaya, nitamshika. Wakimwambia vizuri, pia nitamshika."