Mtu Hatajwi

Siku Mama Zipora aliponifungia faili vidole vyangu vikiwa bado ndani, mwanangu, ndiyo siku nilianza kuwa wakili. Cheti nilikuwa nacho miaka mitatu tayari, nimekitundika ukutani kwa misumari minne kama mtu anayeogopa kitaruka. Lakini cheti ni karatasi, na karatasi ndiyo karibu iniangamize.

Nilikuwa wakili wa serikali hapa Nakuru. Nilikuwa kijana, nimeolewa na Josefu mwaka huo huo, na viatu vyangu vya kisigino vilisikika kwa korido kabla mimi sijafika. Unacheka? Cheka tu. Hata wewe nimekuona juzi na hiyo tai yako.

Nilikuwa nimepewa kesi ya Mwalimu Esta. Huyo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Ndabibi, ng'ambo ya ziwa Naivasha. Jirani ya shule aliishi bwana mkubwa, mwenye shamba la ngano ambalo jicho halifiki mwisho. Jina lake sitakuambia. Huyo bwana alianza kusogeza ua wake, nguzo moja leo, nguzo nyingine wiki ijayo, mpaka ua ukaingia uwanja ambao watoto walichezea. Mwalimu Esta akazing'oa nguzo. Zikarudishwa. Akazing'oa tena, mchana, watu wakiona. Asubuhi moja, alipokuja mapema kuwafungulia watoto wa darasa la nane, akapigwa rungu kwa geti ya shule, akafa pale pale, mkoba wake umefunguka na rejista za shule zimelala kwa matope.

Nchi ikasimama. Redio asubuhi, redio jioni. Kutoka Longonot mpaka Molo watu waliulizana swali moja: huyo tajiri atafungwa kweli, ama ni yale yale? Na mama yake Mwalimu Esta, ajuza wa miaka themanini, alikuja ofisini kwangu akanishika mikono miwili akasema, "Mama, usiniachie mtoto wangu hivyo." Usiku huo sikula.

Sasa sikiliza shida ilikuwa wapi. Polisi walipata rungu lenye damu ndani ya stoo ya bwana mkubwa, lakini stoo hiyo iliingiwa na wafanyakazi ishirini. Shahidi wa macho alikuwa mmoja tu: Naomi, mjane wa mtoto wa huyo huyo bwana. Kila alfajiri Naomi alipeleka mtungi wake wa maziwa barabarani, na njia yake ilipita mbele ya shule. Taarifa yake polisi waliiandika kwa Kiingereza. Ilisema aliona mwanamume akitoka kwa geti na rungu, "mtu asiyejulikana."

Unaona hilo shimo? Kama mkaza mwana wake mwenyewe anasema hamjui aliyetoka getini, basi aliyetoka si baba mkwe wake. Mawakili wake wangesoma karatasi hiyo mara moja tu, na bwana mkubwa angerudi kwa ngano yake.

Nikamwita Naomi ofisini tuzungumze kabla ya kesi kuanza. Akaketi na leso yake magotini, macho yameangalia sakafu.

"Ulimwona nani?" nikamuuliza.

"Niliona mtu hatajwi."

"Kulikuwa na mwangaza?"

"Kulikuwa na mwangaza."

"Basi ni nani?"

"Nimekuambia, wakili. Ni mtu hatajwi."

Nikauliza mara tatu, nikajibiwa mara tatu vile vile. Damu ikanipanda. Nikaona yule ajuza na mikono yake, nikaona kesi inaniponyoka, nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakamua ng'ombe huwa nasimama kidogo. Nikamwambia, "Wewe umenunuliwa. Unalala vipi?"

Naomi akakunja leso, akainuka, akaenda zake. Tangu siku hiyo simu yake haikushikwa, na chifu akasema mama huyo amekataa kuonana na mtu wa serikali. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga mwenyewe kwa mdomo wangu.

Zikabaki siku tisa kesi ianze. Nikaingia chumba cha mafaili, nimevimba, nikamwambia Mama Zipora anipe faili niandike kwamba shahidi amekuwa adui wa upande wetu. Mama Zipora alikuwa karani wa mafaili. Alikuwa pale kabla yangu na kabla ya mkubwa wangu, mwanamke mfupi mwenye sweta ya kahawia na flaski ya chai isiyoisha. Nilikuwa simsalimii kila siku, Mungu anisamehe. Nikafungua faili, nikaanza kulalamika. Ndipo akalifunga, pap! na vidole vyangu ndani.

"Alisema nini, huyo mama?" akaniuliza. "Sitaki vile imeandikwa. Vile alisema."

"Alisema ni mtu hatajwi."

"Na polisi waliandika nini?"

"Mtu asiyejulikana."

"Na wewe na kusoma kwako kote, hayo ni neno moja?"

Mama Zipora akajimiminia chai, hana haraka, kama mtu ambaye kesi yake ni mwaka kesho.

"Nikuulize," akasema. "Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Mwanangu, jina la baba mkwe wangu nilikuwa nalijua. Lilikuwa kwa kadi ya harusi. Nikafungua mdomo, na ulimi ukakataa. Nikasema, "Baba." Akanitazama. Nikajaribu tena, nikasema, "Baba... baba ya Josefu." Mama Zipora akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Haya! Wewe wa viatu virefu, wa mjini, umeshindwa. Na yule wa Ndabibi ulitaka amtaje baba mkwe wake? Huyo mama alikuambia mara tatu ni nani, na wewe ukamtukana mara moja. Enda umwombe msamaha kabla hujaomba kitu kingine."

Nilihisi aibu hiyo kwa masikio. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuuliza bila kusikiliza ni ujinga mtupu.

Kesho yake nikaenda Ndabibi na mpelelezi wa kesi, sajini mmoja mtulivu. Naomi alikuwa anakamua. Hakuinuka. "Ngojeni nimalize ng'ombe," akasema, akanipa kamba ya ndama nishike. Nikaishika. Visigino vikazama kwenye matope, ndama akanivuta huku na huko, na sajini akageuka kuangalia mlima ili asionekane akicheka. Tukamsikia Naomi akimwita kijana wake mkubwa aliyekuwa ndani ya nyumba, "Baba, leta maji!" Nikadhani ni mapenzi tu ya mama.

Alipomaliza nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Nilikuita mwongo, na mwongo hukuwa. Naomba unisamehe."

"Ulinitusi," akasema. "Lakini Mwalimu alifundisha watoto wangu wote watatu, na bwana yangu alipokufa ni yeye alikuja kulala na mimi matanga yote. Nitakuja. Lakini jina sitasema. Mkinilazimisha, nitanyamaza mbele ya jaji."

"Hakuna atakayekulazimisha," nikasema, na sajini akaandika taarifa mpya kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama alivyosema yeye. Tukawapa mawakili wa upande wa pili nakala yao, kama sheria inavyotaka. Nikarudi Nakuru, nikachukua orodha yangu ya maswali, nikafuta kila swali lenye neno "nani."

Siku ya Naomi kutoa ushahidi, mahakama ilijaa mpaka watu wakasimama kwa madirisha. Bwana mkubwa alikaa kizimbani na suti ya kijivu, ametulia kama mtu anayengojea chai. Ajuza alikaa mstari wa mbele. Naomi akashika Biblia, akaapa, macho chini.

"Aliyetoka kwa geti, unamjua?"

"Namjua."

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe."

"Watoto wako humwitaje?"

"Wanamwita babu."

Mahakama ikavuma. Jaji akagonga meza. Nikauliza kama mtu huyo yuko ndani ya chumba kile, na Naomi, bila kuinua macho, akanyoosha mkono, kiganja wazi, kuelekea kizimbani. Hakuonyesha kwa kidole. Hata pale, kwa kidole hakuonyesha.

Nikaketi. Ndipo wakili wa bwana mkubwa, mtu mnene kutoka Nairobi mwenye sauti ya mhubiri, akainuka na ile taarifa ya kwanza.

"Mama, hapa ulisema humjui!"

"Nilisema hatajwi. Hiyo ingine ni ya polisi."

"Kumbe! Basi kama unamjua, mtaje. Mtaje hapa, mbele ya Mungu na mahakama. Jina lake nani?"

Alijua anachofanya, yule wakili. Naye alikuwa na mkaza mwana nyumbani. Nikaruka kupinga, lakini Naomi aliinua mkono kunizuia, na kwa mara ya kwanza akainua macho.

"Kijana yangu wa kwanza alipewa jina yake," akasema. "Kwetu ni hivyo, wa kwanza anaitwa babu yake. Mimi hata kijana huyo siwezi kumwita jina, namwita Baba. Nilipompeleka shule darasa la kwanza, Mwalimu Esta aliniuliza jina ya mtoto, nikashindwa. Akacheka, akauliza majirani, akaandika mwenyewe. Wakili, kama unataka jina, usiniulize mimi. Uliza Mwalimu. Iko kwa rejista, kando ya jina yangu."

Mwanangu! Rejista zile za matope! Zilikuwa mezani pale na mkoba wa marehemu, kielelezo nilichokileta kwa sababu tu kilikuwa kwenye orodha. Jaji akaomba aletewe. Karani akafungua kurasa polepole, maana zilikuwa zimeshikana. Jaji akavaa miwani, akashuka na kidole, kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti jina lile, lililoandikwa na mkono wa mwanamke aliyeuawa. Kisha akatazama hati ya mashtaka, na kisha akamtazama mtu wa suti ya kijivu. Wakili wa Nairobi akasema hana swali zaidi.

Hukumu ilipotoka, hatia, ajuza alisimama bila mkongojo na kupiga vigelegele, na wanawake wa Ndabibi wakampokea, na jaji, aliyejulikana kwa ukali, akajifanya anapanga karatasi zake mpaka wakamaliza. Nililia mbele ya watu, na joho langu jeusi la uwakili. Sijawahi kuona haya kwa machozi hayo. Ua uling'olewa mwezi huo huo, na safari hii hazikurudishwa nguzo. Hata leo ukipita pale saa nne ya mapumziko, utawasikia watoto.

Nje ya mahakama nikamkuta Naomi anafunga leso yake aende kushika gari la Naivasha. Nikamwambia asante. Akasema, "Wakili, nimemheshimu mpaka mwisho. Lakini kumheshimu mtu si kumficha."

Kwa hivyo mwanangu, wewe unayeanza kazi hii na faili lako jipya chini ya kwapa, sikia la kwangu. Karatasi ni ya aliyeandika, mtafute aliyesema. Mtu akikujibu jibu usilolielewa mara tatu, jiulize kwanza kama kasoro si ya sikio lako. Ukikosea, enda ukaombe msamaha kwa miguu yako, na ukipewa kamba ya ndama, shika. Msalimie karani wa mafaili kila asubuhi. Na usiwaambie watu wavunje heshima yao ndipo wapate haki. Tafuta mlango mwingine, maana upo. Mimi yule bwana simtaji mpaka leo, lakini si kwa heshima. Jina hilo namwachia kijana wa Naomi, ambaye sasa ni mwalimu, na ameliosha.

Nenda basi. Masikio yako yawe marefu kuliko ulimi wako. Waliodhulumiwa wakikushika mikono, Mungu akupe nguvu ya kutoiachilia, na siku yako ya vigelegele ikifika, nikuone nikiwa hai.