Kutu Aliyoisugua Birindwa

Ukimpelekea Birindwa upanga wa Kijapani, usijisumbue kumwonyesha makali. Makali humdanganya kila mtu. Yeye atataka kuvua mpini. Atagonga kigingi cha mwanzi kwa nyundo ndogo, atauchomoa upanga taratibu, kisha atakiangalia kile kipande cha chuma kilichokuwa kimejificha ndani ya mpini, mahali ambapo fundi wa kale alichonga jina lake. Wakati wote huo mguu wake mmoja hautatulia chini ya meza.

Mwaka 2016 alikuwa Buffalo, Marekani, akifanya kazi katika ghala moja la Cheektowaga. Enoki, mwenzake wa zamu, alinunua upanga kwenye intaneti akauleta ndani ya buti la gari, kifua mbele. Muuzaji aliandika kuwa una miaka mia tatu. Saa ya chakula Birindwa akauvua mpini na kupitisha kidole juu ya chuma. Kidole kikatoka chekundu.

"Bon, Enoki. Huu upanga iko mudogo kuliko mutoto yako wa mwisho."

"Acha mambo yako! Hauone kutu yote hii?"

"Njo naona. Kutu ya zamani haishikake ku kidole. Inakuwaka nyeusi, inakamatana na chuma sawa ngozi. Hii ni watu balimwangia acide. Na shimo ya kigingi, ona vile iko safi: mashine njo ilitoboa. Na majina, inje kutu, ndani ya herufi kunangaa. Donc balitia kutu kwanza, kisha njo baliandika."

Enoki akajitetea kwa ule mstari wa mawimbi unaofuata makali. Birindwa akaugeuza upanga kwenye mwanga wa dirisha. Mstari wa kweli huzaliwa na moto na maji, na ukiuinamisha utaona chembe ndogo ndani yake, laini kama chumvi iliyosagwa. Huu ulikuwa umechorwa tu, umelala, hauna kitu. Wenzake wakaangua kicheko, na Enoki naye akacheka ili asionekane mjinga. Birindwa hakucheka. Alirudi kwenye maboksi yake mapema, kabla saa ya chakula haijaisha.

Nyumbani, mtaa wa East Side, mkewe Gentille alikuwa amechoka naye. Mume anakaa, anasimama, anafungua friji bila kutoa kitu, anachungulia dirishani, anakaa tena. Kuku anayetafuta pa kutaga ana nafuu. Miaka mitatu Marekani na miji mitatu: Louisville, Columbus, Buffalo. Sasa alikuwa ameanza kusifia mji wa nne.

"Papa Gloire," Gentille alimwambia mumewe Jumapili moja walipotoka kanisani, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mimi sifunge tena maboksi. Sema: unakimbia nani?"

Watu wa kanisani walidhani ni vita vya Kongo vinavyomsumbua, wakamwombea. Aliitikia amina, akaona haya, maana alijua hawamwombei jambo lenyewe. Siku ile alimweleza mkewe yote, wamekaa ndani ya gari, watoto nyuma wakigombania simu kwa Kiingereza.

Birindwa ni mtoto wa mhunzi wa huko Walungu, Kongo. Amekulia kwenye mivuo, akigeuza majembe na mapanga motoni. Baba yake alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: chuma cha mtu hakirudi kwa mwenyewe kikiwa na kutu. Kukirudisha kichafu ni kumtukana. Mtoto aliyesahau alilala na njaa.

Kazi yake ya kwanza Louisville ilikuwa kumtunza mzee mmoja, Wendell Tharp, mwenye miaka karibu tisini, aliyepigana na Wajapani kule Pasifiki akiwa kijana. Alimwogesha, alimpikia, alimsikiliza. Mzee alikuwa na upanga kabatini. Alisimulia kwamba siku ya kusalimu amri ofisa wa Kijapani aliuweka mikononi mwake, akainama, naye akainama pia bila kujua kwa nini. Hadithi hiyo alimsimulia binti yake Lorna tangu akiwa mdogo, na Lorna aliipenda kuliko zote.

Siku moja ya mwaka 2014, mzee akiwa amelala mchana, Birindwa alitaka kumfurahisha. Alivua mpini, akakuta kipande cha ndani ni cheusi kwa kutu. Alimhurumia mzee wa watu: miaka yote hiyo hakupata hata mtu mmoja wa kumsafishia! Akachukua siki na nyuzi za kusugulia sufuria, akasugua kwa saa mbili, akamalizia na mafuta. Chuma kikawaka. Mzee alipoamka na kuonyeshwa, alikitazama muda mrefu, akamshika Birindwa mkono, akasema, "Umefanya kazi kubwa." Birindwa alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Baada ya hapo Lorna akabadilika. Zamani alikuwa akija na keki na kukaa hadi jioni. Sasa alileta dawa, akaziweka mlangoni, akaondoka. Miezi sita ilipita hivyo. Mzee akafa. Siku ya mazishi medali zake zilipangwa mezani, upanga haukuwepo, na vita havikutajwa.

Birindwa hakuelewa kitu hadi alipohamia Columbus. Huko alikwenda kwenye maonyesho ya mapanga kwa kupenda chuma tu, akasikia muuzaji mmoja akiwafundisha wageni. Ile kutu nyeusi, alisema, ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Haiguswi. Anayeisugua ama ni mjinga, ama ni mwongo anayeficha kwamba upanga ni mpya. Birindwa akakumbuka Lorna alivyobadilika, akaketi juu ya boksi la mtu.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wa upanga. Alisoma, aliuliza, aliomba kushika kila upanga uliopita mbele yake. Watu waliona ni kipaji. Kipaji gani! Alikuwa akitafuta njia ya kuthibitisha upanga mmoja tu, ambao ushahidi wake aliufuta kwa mikono yake, na mji wowote aliokaa ulimchoma matako.

Gentille alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa weye unangoja nini?" alisema. "Yule mama anaona baba yake alikuwa mubongo, mutu wa kudanganya. Enda umwambie ni weye."

"Nitamwambia aje? Haiko kitu ya simu."

"Njo maana nasema enda."

Jumamosi alitoka alfajiri. Alipokaribia Columbus aliiona barabara ya kwenda Westerville, kitongoji alichokaa zamani, mguu ukamwasha kukata kona na kusingizia gari limeharibika. Hakukata. Saa tisa alasiri alikuwa mbele ya mlango wa Lorna, Louisville, shati limeganda mgongoni.

Lorna alimkumbuka. Alisikia neno "upanga," uso ukakunjamana, lakini akaenda gereji akautoa nyuma ya makopo ya rangi. Birindwa akauvua mpini, akaugeuza dirishani. Chembe zilikuwepo, nyingi, zinapumua. Karibu na mpini chuma kilikuwa kimeliwa kidogo kwa kunolewa na vizazi vya watu. Shimo la kigingi lilitobolewa kwa mkono. Ni kile kipande cha ndani tu kilichong'aa kwa aibu.

"Mama, upanga huu ni wa kale. Baba yako alisema kweli. Aliyesugua kutu ni mimi. Nilidhani ni uchafu. Nilitaka kumheshimu."

Lorna aliketi.

"Niliupeleka kwa mtaalamu," alisema. "Aliuangalia dakika moja. Akaniambia ni wa bandia, na kwamba mtu ameusugua makusudi ili kuficha. Nikarudi nikamuuliza baba ni nani aliyeugusa. Akaniambia, 'Mimi mwenyewe.'"

Birindwa akaurudisha mpini mahali pake.

"Nilimwita mwongo," Lorna alisema. "Mbele ya uso wake. Ningejua ni wewe, ningekufukuza kazi siku ileile. Naye baba alinijua vizuri."

Ndipo Birindwa alipolia, mtu mzima, mbele ya mwanamke asiyemjua vizuri. Kwa ile miezi sita ya mwisho alimmenyea mzee machungwa na kumkatia kucha. Jumapili moja, kwa kumwonea uchungu, alimsema Lorna kwamba ni binti asiye na moyo. Mzee alimwambia anyamaze, binti yake hana kosa lolote, kisha akamuuliza Birindwa kama watoto wake wameshapata viatu vya baridi.