Gundi ya tanki haikushika

Tanki letu limemwaga maji yote leo, na mimi nilijua.

Jana Anko alikuja kuziba ufa. Gundi yenyewe ni ya mikebe miwili: moja nzito kama asali, nyingine nyepesi kama maji. Ukichanganya inakuwa ngumu kama jiwe.

"Kanini, wewe ndio msomi. Tusomee hii Kizungu."

Nikasoma, "Mbili kwa moja."

Akachukua kifuniko cha soda. Vifuniko viwili vya ile nzito, kimoja cha ile nyepesi.

Lakini kwa herufi ndogo ilisema upime uzani. Yaani kwa mizani, si kwa kifuniko! Na mizani ya kupimia ndengu ilikuwa hapo mlangoni.

Si mnajua vile mimi huwa mbele ya watu? Wazee wa kanisa waliokuja kututembelea walikuwa wamesimama hapo. Nikafungua mdomo, mmoja akasema, "Tuombe."

Nikasema amina.

Leo alfajiri mvua ikanyesha, tanki likajaa. Kulipokucha gundi ilikuwa laini kama chingamu na maji yote yako chini. Mawingu yameenda. Susu, nyanya yangu, ameketi kwa matope na mtungi wake mtupu.

Anko anawaka. "Huyo Mama Mwende wa duka la hadiwea ametuuzia feki! Leo soko yote ya Tawa itamjua!" Akanigeukia. "Si ulisoma vizuri?"

"Eeh, Anko."

Amewasha pikipiki, ameenda.

Mwende, kama unasoma hii, mwambie mamako gundi yake ni nzuri. Mwambie haraka.