Waliogonga Ndani ya Manowari

Nilirudi Nangwa kumzika bibi, na watu waliitwa msibani kwa simu. Zamani wangegonga rimu. Hilo ndilo pekee nililoliona siku ile, ndugu yangu, mengine yote yalinipita tu. Nilitazama udongo ukishuka, nikajua natakiwa nilie, machozi hayakuja.

Rimu ilikuwa ya trekta bovu, imening'inizwa mbele ya karakana ya shamba la ngano la serikali. Mlinzi aliigonga kwa nondo asubuhi, mchana na jioni. Ikilia ya jioni, sisi watoto tuliacha kuokota masuke nyuma ya kombaini, miguu imechanjwachanjwa na mabua, tukawahi nyumbani. Bibi aliichemsha ile ngano mpaka ipasuke, akaimwagia maziwa mgando. Hadi leo mkate wa dukani naula basi tu, nisife njaa.

Jirani yetu hakuipenda rimu. Ikigongwa tu alisimama popote alipokuwa, mkono sikioni, mpaka itulie. Watu walisema kichwa chake kiliharibikia manowari. Sisi tulidhani Manowari ni mji, pengine mbele ya Singida. Bibi ndiye aliyenieleza kwamba ni meli ya vita, na kwamba jirani alikuwa mchochea makaa humo wakati wa vita vya wazungu. Ilipopigwa, maji yaliingia chini, mlango wa chuma ukafungwa wenzake wakiwa ndani. Yeye zamu yake ilikuwa imekwisha, yuko juu. Aliwasikia wakigonga.

Alipowaambia wakubwa, daktari wao alimjibu kwamba chuma kile hakipitishi sauti, aende akapumzike. Tangu hapo hakujua kama aliwasikia kweli au ndiyo kichaa chenyewe. Mtu mmoja tu angeweza kumjibu, mwenzake wa kijiji cha Daudi, aliyeokolewa pamoja naye. Miaka yote alimtumia salamu kwa watu wa mnadani.

Msimu mmoja wa mavuno mwenzake akaja, juu ya lori la magunia. Nilimpa shikamoo mara tatu kabla hajaitika. Jirani akacheka, jambo la nadra, akasema uzee umemziba rafiki yake masikio. Walikaa uani kwetu, maana jirani hakuwa na mke wa kumpikia mgeni. Wakakumbushana manowari kubwa kubwa zilizojaa bandarini Mombasa, mizinga yake minene kama tangi la dizeli la shamba, na samaki waliopewa, ambao wao wawili, wana wa wafugaji, hawakuweza kuwatia mdomoni.

Rimu ya jioni ikagongwa. Jirani akasimama, mkono sikioni. Mgeni akaendelea kutafuna ngano yake, hata hakugeuka. Niliona.

Ilipotulia, jirani aliinama karibu kabisa na uso wake.

"Na wewe uliwasikia?"

Mgeni alimtazama midomo, kisha akaweka bakuli chini.

"Niliwasikia. Mpaka walipoacha."

Jirani aliketi. Alilia bila sauti, akajifuta kwa shuka, akaomba maziwa mengine. Tangu siku ile rimu ikigongwa hakusimama tena. Alivua kofia tu, basi.

Asubuhi mimi na bibi tulimsindikiza mgeni barabarani. Bibi akamuuliza, kwa sauti ya juu, masikio yako hivyo tangu lini. Akasema ni mizinga, ilipoanza tu kupiga, kabla meli haijapigwa.

"Sasa dada, ningemwambia nini?"

Bibi alinishika bega, akaniambia hili tunakaa nalo. Tulikaa nalo mpaka jirani akafa na amani yake.

Basi, baada ya mazishi nilitembea hadi karakana. Shamba lilikwisha siku nyingi, mabati yameng'olewa, rimu haipo. Binti mmoja alikuwa akipalilia mahindi pale, mtoto mgongoni. Shamba lilipokufa hata hakuwa amezaliwa. Aliniamkia, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia hapa palikuwa na rimu, ikigongwa tunaisikia mpaka kule mlimani, nyumbani kwa bibi.

Alitazama kanga yangu ya msiba, akanitazama usoni.

"Ndiyo, shangazi," akasema. "Hata mimi niliisikia."

Nikamshukuru. Kisha nikakaa chini palepale, kwenye matuta yake, nikalia.