Walinikosha Mguu, Kilichovunjika ni Kidole

Nilipokuwa na miaka kumi nilijikwaa kwenye jiwe la mlangoni kwa bibi, mguu wa kushoto, asubuhi ya safari, na sijawahi kusamehewa. Watoto wote wa Kinole hujikwaa. Milima yenyewe ni mawe matupu. Lakini bibi yangu mzaa mama alikuwa amesimama papo hapo, akaniona, akashika kiuno.

"Mguu wa kushoto huo. Rudi ndani ukae kwanza, ndipo utoke upya."

"Mama, gari linatuacha," Mjomba Shomari akasema. Pikapu ilikuwa barabarani, imejaa ndizi, dereva anapiga honi. Bibi akasema haya, nendeni, mimi nimeshasema. Kwa waliomjua bibi, hilo "nimeshasema" lilikuwa baya kuliko tusi.

Tulikuwa tunakwenda Bagamoyo, mama, mjomba na mimi, kwenye harusi. Harusi ikaisha salama, pilau tukala, hakuna aliyekufa. Siku ya pili Mtani akatualika kwenye mashua yake. Mtani alikuwa Mzigua aliyewahi kukata miwa pamoja na mjomba, kisha akarudi kwao pwani. Waluguru na Wazigua tunataniana, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Tangu tupande chomboni alikuwa anamchokonoa mjomba.

"Mluguru na bahari wapi na wapi! Kaa chini hapo na wanawake, ushike ndoo."

Mjomba wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akashindwa kunyamaza. Akadai apewe kamba ya tanga, na Mtani akampa huku anacheka. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni, mkono wa kulia nimeuweka juu ya ubao ambako kamba ile ilikuwa inapita, maana hakuna aliyeniambia nisiuweke. Upepo ukavuta ghafla. Kamba ikakimbia, ikakibana kidole changu cha shahada kwenye ubao, nikasikia kikilia ka! Mtani akaidaka kamba huku anasema, "Haya, damu ya mlimani hiyo, papa leo watakula vizuri." Na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Utaratibu wa kuudhi kweli kweli.

Zahanati ya pale walinifunga bandeji, wakasema twende hospitali kubwa kidole kikapigwe picha siku hiyo hiyo, la sivyo kitaunga vibaya. Mama akampigia bibi simu. Kosa kubwa.

"Mleteni nyumbani kwanza," bibi akasema, kwa sauti iliyonifikia hata mimi. "Nuksi imeingilia mlangoni kwangu, itatokea mlangoni kwangu."

Basi tukafika Morogoro mjini, hospitali nikaiona kwa macho yangu, tukaipita, tukapanda mlima. Nikakalishwa kwenye jiwe lile, bibi akachemsha majani yake, akanikosha mguu. Mguu! Kidole kimevimba kama ndizi mzuzu, wao wanasugua unyayo usio na hata mkwaruzo. Siku tatu, asubuhi na jioni. Niliposhushwa hospitali hatimaye, daktari alitazama picha akatikisa kichwa. Kidole hakikunjiki tangu hapo. Sasa mimi ni fundi cherehani, na kazi ya fundi mnaijua, yote ni vidole.

Miaka yote hadithi ilisimuliwa hivyo hivyo: Tausi alijikwaa, bibi akaonya, hawakusikia. Nami niliiamini. Nikiwa mkubwa niliitwa kwenye usaili wa kazi kule Mzumbe. Nikajikwaa stendi, mguu ule ule, nikarudi nyumbani kukaa kwanza. Nilipofika, usaili ulikuwa umekwisha.

Mwaka jana, bibi akiwa ameshatangulia mbele ya haki, mimi na mjomba tulikuwa tunachambua maharage uani kwa mama. Mjomba akasema, bila kuniangalia:

"Tausi, ile kamba niliiachia mimi. Nilitaka Mtani aone kwamba naishika kwa mkono mmoja."

"Mjomba! Miaka yote hii?"

"Bibi yako alishasema ni mguu. Ningembishia mama yangu?"

Nilisimama, maharage yakamwagika. Nikamwambia anyanyuke saa hiyo hiyo, akamweleze mama kama alivyonieleza. Mama alikuwa jikoni. Alimsikiliza bila kuacha kupepeta mchele.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa nyuma yako, nilikuona. Na mama naye nilimwambia tulipofika tu. Akasema basi, tuendelee na mguu."

"Mkanikosha siku tatu!"

"Kidole kilikuwa kimeshavunjika, mwanangu. Nimpoteze na kaka? Mashamba ya ukoo tunalima pamoja. Mguu haugombani na mtu."

Jibu hilo nimelifikiria sana, kwa hasira na baadaye bila hasira, na siwezi kusema ni la kijinga. Mama na kaka yake hawajanuniana hata siku moja, na nawajua ndugu walioacha kuzikana kwa jambo dogo kuliko kidole. Labda ningekuwa mama ningefanya vile vile. Ila limenikaa rohoni: katika nyumba ile nzima, aliyekuwa anaiamini nuksi nilikuwa mimi peke yangu.