Andika Zaina

Juzi msichana mmoja, mwanafunzi, alikuja kwangu hapa Kasongo na daftari, akaniuliza mjukuu wangu anapenda michezo gani. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi pale pale. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu.

Mpunga ulikuwa umeanikwa uani, unanuka vumbi na jua. Mzungu mmoja, aliyepita vijijini akiandika desturi zetu, aliokota mwanasesere wangu, akamuuliza baba ni kitu gani.

"Iko gunzi la mahindi tu, bwana," baba alisema. "Mutoto anachezea."

Mzungu akaandika. Hasira zikanipanda. Gunzi lile lilikuwa Zaina, mdogo wangu aliyekufa kabla hajatembea, na karani wa kuhesabu watu alikuwa amelikata jina lake kwa mstari huku nikiona. Sasa najua yalikuwa madaftari mawili tofauti. Siku ile, kwangu, vitabu vyote vya wazungu vilikuwa kitabu kimoja, na kama Zaina alitolewa humo, angeweza kurudishwa humo.

Nikamshika mzungu kaptula. "Si gunzi! Iko Zaina. Andika!"

Baba aliinamisha kichwa. Jina lile halikuwa limetajwa nyumbani tangu mazishi. Mzungu alicheka kidogo, kalamu ikatembea. Nilikuwa sijui kusoma. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Kwa hiyo nilimwambia yule mwanafunzi: "Mwenyewe iko hapa, binti yangu. Muulize yeye. Na ukimaliza, umusomee ulichoandika."